Wakili asiye na deni: tunavyomsoma vibaya Max Cady

Tangu Apple itangaze mfululizo wake wa Cape Fear, Javier Bardem akiwa Max Cady na Amy Adams na Patrick Wilson wakiwa mke na mume, mawakili wote wawili, wapenzi wa filamu wamerudia ubishi wao wa zamani: Cady yupi anatisha zaidi, wa Robert Mitchum wa mwaka 1962 au wa Robert De Niro wa mwaka 1991? Ubishi mtamu, lakini ndani yake kuna dhana inayopita bila kuulizwa. Wengi wanaichukulia filamu ya kwanza, ile ya nyeusi na nyeupe iliyoongozwa na J. Lee Thompson, kuwa ni rasimu tu: familia njema, adui mbaya, steringi anashinda, taa zinawashwa watu warudi nyumbani. Ya Martin Scorsese ya 1991, wanasema, ndiyo iliyokomaa, kwa sababu ilimpa wakili dhambi. Mimi naona kinyume chake. Swali gumu liko kwenye filamu ya Thompson, na liliwezekana kuulizwa kwa sababu wakili wa filamu ile hana hatia. Swali lenyewe ni hili: sheria imfanye nini mtu ambaye bado hajatenda kosa, ilhali kila aliyemo chumbani anajua atalitenda?

Kwa asiyeiona, kisa kiko hivi. Sam Bowden, anayechezwa na Gregory Peck, ni wakili katika mji mdogo wa Georgia, ana mke na binti anayesoma shule. Miaka minane nyuma, akiwa Baltimore, alikuta mwanamke anashambuliwa, akaingilia kati, kisha akatoa ushahidi mahakamani. Mshambuliaji alikuwa Max Cady. Sasa Cady amemaliza kifungo na ametua mjini kwa Bowden. Hamtukani wala hamtishii kwa neno ambalo hakimu angeweza kuliandika kwenye jalada. Anakaa baa. Anamsogelea wakili garini, anachomoa funguo na kuzishika wakati anazungumza, kana kwamba ni zake. Anamtazama binti akiwa ndani ya kaptura kwenye gati ya boti, anatabasamu, anaondoka. Mbwa wa familia anakufa kwa sumu, na hakuna aliyemwona mtu yeyote akiitega. Gerezani Cady alisoma sheria, na alisoma vizuri: anajua mahali mstari ulipo kwa usahihi kuliko polisi wanaoulinda.

Tazama anavyoingia kwenye filamu. Muziki wa Bernard Herrmann umeshatangulia, pembe nzito zinashuka noti moja moja. Mwanamume mwenye kofia ya panama na sigara nene mdomoni anakatiza mtaa, anapanda ngazi za mahakama. Mwanamke anayeshuka amebeba vitabu, kimoja kinamponyoka. Cady anampita. Hamsukumi wala hamsemeshi, anampita tu kama mtu anavyolipita jiwe. Filamu ina sekunde chache tu na tayari tumeshaambiwa kila kitu kuhusu mtu huyu bila kosa hata moja la kuandikwa kwenye kitabu cha polisi. Mitchum alikuwa na macho mazito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, na hapa aliyatumia kama silaha. Haharakishi. Hata polisi wanapomvua nguo kumpekua, anabaki na chupi na kofia yake, amesimama pale kama mwenye nyumba anayesubiri wageni waondoke.

Hapa ndipo hoja ya watetezi wa 1991 inapostahili kusikilizwa, maana si ya kipuuzi. Kwa Scorsese, Bowden (Nick Nolte) hakuwa shahidi. Alikuwa wakili wa utetezi wa Cady mwenyewe, na aliificha ripoti kuhusu maisha ya kimapenzi ya mwathirika, ripoti ambayo ingeweza kumpunguzia mteja wake adhabu. Kwa hiyo Cady anapotoka baada ya miaka 14, ana dai. Ni dai la kuchukiza, lakini ni dai, na mtazamaji anajikuta akilipima: wakili aliyeamua peke yake kwamba mteja wake hastahili utetezi kamili amefanya haki au ameihujumu? Ni swali la maana kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama. De Niro alipata uteuzi wa Oscar kwa nafasi hiyo, na haikuwa bure.

Lakini angalia kinachopotea. Cady akishakuwa na deni la kudai, kisa kinageuka kuwa cha kisasi, na kisasi ni kitu tunachokielewa tangu utotoni. Kina hesabu zake: ulinifanyia hivi, nitakufanyia vile. Mtazamaji anapata mahali pa kushika. Anaweza kujiambia kwamba kama Bowden asingeificha ripoti ile, haya yasingetokea. Mwaka 1962 hakuna mlango huo. Bowden alifanya jambo ambalo tungetaka kila raia alifanye: aliona mwanamke anapigwa, hakugeuza shingo, akaenda kusema alichokiona. Hakuna alichokosea ambacho angeweza kukirekebisha. Cady anapodai fidia ya miaka yake minane, anadai kwa mtu asiye na deni lake lolote, na ndiyo maana hakuna mazungumzo yanayowezekana. Bowden anajaribu kumpa pesa. Cady anaicheka hesabu yenyewe. Nasikia mfululizo mpya umewafanya Bowden wote wawili kuwa watu waliomweka Cady ndani. Kama ni hivyo, basi kwa mara nyingine deni limerudi mezani, tena safari hii kwa wadaiwa wawili.

Usomaji wa pili wa kimakosa ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu una madhara nje ya sinema. Ni ule unaosema filamu hii inatuonyesha jinsi sheria inavyowadekeza wahalifu na kuwafunga polisi mikono. Ukiiangalia kwa haraka, unaweza kuona hivyo. Mkuu wa polisi Mark Dutton, anayechezwa na Martin Balsam, ni rafiki wa Bowden. Anamkamata Cady bila sababu ya maana, anamhoji, anaagiza akamatwe tena na tena. Cady anaajiri wakili anayelalamika kuhusu haki za raia, na tunamchukia wakili yule. Nimewahi kumsikia mtu mzima, mwenye shahada, akisema filamu hii ingeisha kwa dakika 20 kama polisi wangeachwa wafanye kazi yao.

Hoja hii ni nyepesi kuliko zote, na filamu yenyewe inaikanusha. Kosa ambalo Dutton anatarajia kumbambikia Cady ni uzururaji. Mgeni mjini, hana kazi, hana anwani ya maana: mweke ndani, kisha mfukuze. Cady anatoa kitabu chake cha benki. Ana akiba. Mwenye akiba si mzururaji, na shauri linakufa pale pale. Simama kidogo kwenye kitabu kile cha benki. Sheria ile haikushindwa kumkamata Cady kwa sababu inamlinda mhalifu. Ilishindwa kwa sababu haikutungwa kwa ajili ya mtu hatari, ilitungwa kwa ajili ya mtu maskini. Ingemnasa kijana yeyote aliyeshuka kwenye treni ya mizigo akitafuta kibarua, na ingemwachia mbakaji mwenye salio.

Na kijana huyo alikuwepo kweli, tena jina lake ni Robert Mitchum. Sehemu ya filamu ilipigwa Savannah, Georgia, mji ambao Mitchum alikuwa na historia nao. Miaka ya mdororo wa uchumi, akiwa bado mvulana anayezunguka nchi kwa kudandia mabehewa, alikamatwa Savannah kwa uzururaji na, kwa simulizi lake mwenyewe, akatupwa kwenye kikosi cha wafungwa wanaofanya kazi wakiwa na minyororo miguuni hadi alipotoroka. Mvulana asiyemdhuru mtu alikamatwa. Alipokuwa mtu mzima akarudi katika mji uleule kumwigiza mtu hatari kuliko wote, na sheria ileile ikampita pembeni. Sijui mwandishi gani wa filamu angethubutu kubuni kejeli ya namna hiyo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili si jambo la mbali. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 dhidi ya wazururaji ilisafiri na dola lake, ikatua kwenye vitabu vya makoloni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ilirithi vifungu vya 176 na 177 kuhusu wazembe na wazururaji; ya Kenya ikarithi ndugu zake. Tanzania ikaongezea Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, na wenye umri wao wanakumbuka watu wakisombwa mitaani Dar es Salaam kwa kosa la kutokuwa na kitambulisho cha kazi. Marekani ilichelewa hadi 1972, Mahakama yao ya Juu ilipoifuta sheria ya uzururaji ya Jacksonville, Florida, mji wa pwani ileile ulio kusini mwa Savannah, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana kiasi kwamba raia hakuweza kujua ni lipi limekatazwa na polisi waliweza kumkamata wamtakaye. Huku kwetu, Umoja wa Wanasheria wa Afrika ulipeleka ombi la ushauri kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Desemba 2020 mahakama ikasema sheria za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika. Anayesema Dutton angepewa mamlaka zaidi ajiulize mamlaka hayo, yakishatolewa, huwa yanamwangukia nani asubuhi inayofuata. Dutton mwenyewe analijua hilo. Kuna mahali anamwambia rafiki yake kwamba huwezi kumkamata mtu kwa kilichomo kichwani mwake, huo ni udikteta, na anamuuliza kama angetaka iwe vingine.

Halafu kuna Diane Taylor, na hapa ndipo hoja ya mikono iliyofungwa inapoanguka kabisa. Katikati ya filamu Cady anatenda kosa la wazi. Anamchukua Diane, mwanamke mpitanjia anayechezwa na Barrie Chase, anamwingiza chumbani na kumpiga vibaya. Polisi wanamkuta Diane. Majeraha yapo, mtuhumiwa anajulikana, jengo linajulikana, na sheria inayohusika ipo tena ni nzito. Kinachokosekana ni neno moja tu kutoka kwa Diane, naye hatalitoa. Anamweleza mpelelezi binafsi wa Bowden, akichezwa na Telly Savalas, kwamba yeye pia ni binti wa watu, kwamba hawezi kusimama mbele ya umma na kueleza alichofanyiwa, na kwamba anamjua Cady atarudi. Anapanda basi na kuondoka mjini. Dola zima la Georgia, lenye polisi, mahakama na jela, limeshindwa kwa sababu mwanamke mmoja alipiga hesabu ya aibu na hofu akaona haki haimlipi. Hakuna kifungu cha kuongeza nguvu za polisi ambacho kingeibadilisha hesabu ile. Ingebadilika kama angekuwa na uhakika wa ulinzi, na kama mahakama isingemgeuza yeye kuwa mshtakiwa. Nakiri kwamba hapa Scorsese aliona vizuri: mwanamke wake wa nafasi hiyo ni karani wa mahakama, anayekataa kushtaki kwa sababu ameshawaona mawakili wakiwachana wanawake kama yeye kizimbani.

Thompson alilisukuma jambo hili mbali kadiri wakati wake ulivyomruhusu. Neno ubakaji lenyewe lilikuwa mwiko kwenye midomo ya waigizaji, na bodi ya udhibiti ya Uingereza ilidai vipande vingi vikatwe. Wapo wanaosema udhibiti huo uliipunguza filamu makali. Mimi nadhani ulimlazimisha mwongozaji kumweka Cady ndani ya mipaka ileile anayojiwekea mwenyewe: yaliyo mabaya zaidi hayaonekani na hayatajwi, kwa hiyo hayashitakiki. Chukua tukio la shuleni. Binti, Nancy, anamsubiri mama yake kwenye gari. Anamwona Cady anakuja kwa mwendo wake ule wa kutembea baada ya chakula. Anakimbilia ndani ya shule, anashuka ghorofa ya chini, anasikia hatua za mtu. Ni mfanyakazi wa usafi. Anakimbilia nje, anakutana na Cady langoni, anatoka mbio hadi barabarani na gari linamgonga. Cady hajamgusa. Mpeleke mahakamani kwa kosa gani, la kutembea?

Katika pengo hilo ndipo Bowden anapoanza kuoza, na kuoza kwake kuna uzito kwa sababu alianza akiwa mzima. Kwanza anaomba upendeleo wa rafiki polisi. Kisha anaajiri mpelelezi. Kisha hongo. Kisha, kwa ushauri wa mpelelezi huyo, analipa wanaume watatu wampige Cady gizani. Cady anawashinda, na kesho yake wakili wa Cady anaanzisha hatua za kumfuta Bowden kwenye orodha ya mawakili, na kisheria ana haki kabisa. Mwisho anaitumia familia yake kama chambo: mke na binti wanawekwa kwenye nyumba inayoelea mtoni Cape Fear ili Cady aje, na naibu sherifu aliyepewa kazi ya kuwalinda anauawa. Ni mpango uliogharimu uhai wa mtu, na filamu haimpi Bowden makofi kwa ajili yake. Ndani ya nyumba ile ndimo Mitchum anamshika Polly Bergen, anayecheza mke wa Bowden, anaponda yai mkononi na kumpaka kifuani, jambo ambalo halikuwemo kwenye mswada. Hofu ya Bergen pale ni ya kweli kwa kiasi kinachokufanya uone haya kuendelea kutazama, na sina hakika kwamba tungepaswa kuisifia kama tunavyoisifia.

Kumbuka Peck alikuwa nani mwaka ule. Desemba 1962 ilitoka filamu ya To Kill a Mockingbird, alimocheza Atticus Finch, wakili mwingine wa Kusini, na ndiyo iliyompa Oscar. Finch anaitumikia sheria inayomwangusha mteja wake mweusi, lakini hachafuki. Bowden anachafuka ndani ya wiki chache, naye ana kila kitu: rangi inayokubalika, pesa, rafiki mkuu wa polisi. Nashangaa kwamba kizazi kizima cha mawakili kimetundika picha ya Finch ukutani na hakuna niliyemwona ametundika ya Bowden, ambaye ndiye anayefanana nasi zaidi. Katika riwaya ya John D. MacDonald ya 1957, The Executioners, iliyozaa filamu hii, Cady anakufa. Kwenye filamu Bowden anamjeruhi, anamwelekezea bunduki, Cady anamwambia apige, naye anakataa: utaishi, utahesabu miaka yako ndani ya kizimba. Wengine wanauona mwisho huo ni mlegevu. Nauona ni sehemu pekee ambapo Bowden anarudisha alichokuwa amekiuza. Na angalia kinachowezesha Cady kwenda jela safari hii: sasa kuna kosa, kuna maiti, kuna mashahidi. Sheria ilisubiri hadi mtu afe.

Je, ilikuwa lazima isubiri? Hapa jibu la miaka ya baadaye lina maana kuliko ubishi wa Mitchum na De Niro. Mwaka 1989 mwigizaji kijana Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na shabiki aliyekuwa akimwandama kwa miaka. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kwanza ya Marekani dhidi ya kumwandama mtu, na majimbo mengine yakafuata haraka. Tofauti yake na uzururaji ni ya msingi. Sheria ya uzururaji inamuuliza mtu yeye ni nani: huna kazi, huna kwako, tunakutilia shaka. Ya kuandama inamuuliza amefanya nini, kwa nani, mara ngapi, na kama mtu mwenye akili timamu angeingiwa na hofu. Funguo zilizochomolewa, matembezi ya shuleni, mbwa, macho kwenye gati, vyote vikiwekwa pamoja vinakuwa kosa moja ingawa kila kimoja peke yake si kitu. Kitabu cha benki hakimsaidii Cady mbele ya sheria kama hiyo, wala haimnasi kijana wa kwenye mabehewa.

Kwetu tumefika nusu ya njia. Kenya, kwa Sheria ya Kinga Dhidi ya Unyanyasaji wa Majumbani ya 2015, imekutaja kumwandama mtu miongoni mwa vitendo ambavyo mahakama inaweza kuvizuia kwa amri kabla damu haijamwagika. Lakini amri hiyo inapatikana dhidi ya mtu mliye na uhusiano naye: mwenza, mchumba, ndugu, uliyewahi kuishi naye. Max Cady si mwenza wa mtu. Ni mgeni aliyekodi chumba mjini na ana muda mwingi. Mwanamke wa Nairobi au Mwanza anayefuatwa kila jioni na mwanamume asiyemjua bado anaambiwa kituoni alichoambiwa Bowden mwaka 1962, arudi kitu kikitokea, wakati vijana waliokaa kibarazani mtaani kwake wanaweza kuzolewa usiku huohuo kwa uzururaji.

Kwa hiyo mfululizo wa Apple ukifika mbele yangu, Bardem sina wasiwasi naye. Ni mwigizaji anayeweza kukutisha kwa kusubiri tu chai yake ipoe. Nitamtafuta Diane Taylor wao. Nitaangalia amepewa dakika ngapi, na mawakili wale wawili waliojaa sheria kichwani wanamwambia nini kabla hajapanda basi.